Mkwe Asiyetajwa

Rasoa Kageha alikuwa amemkwepa mkwe wake kwa miaka kadhaa bila kukosea hata siku moja, na kama unadhani hiyo ni kazi rahisi, basi hujawahi kuishi mtaa wa Umoja, Nairobi.

Kule Vihiga, ambako mama yake alimlea, kumkwepa mkwe kulikuwa na nafasi yake. Mkwe akitokea kwenye kona ya shamba, mama mkwe anaingia kwenye migomba, anasubiri apite, maisha yanaendelea. Umoja hakuna migomba. Kuna nyumba zilizopangwa kwa adabu miaka ya sabini, kisha zikazaa vyumba vya mabati, vyumba vya mawe, na ghorofa juu ya jiko, hadi mtu akipiga chafya kwake majirani wanampa pole kutoka pande zote. Katika nyumba ya namna hiyo, yenye sebule moja na mlango mmoja unaofunguka vizuri, Rasoa alitekeleza desturi nzima. Hakumpa mkwe mkono. Hakuketi naye chumba kimoja. Hakula mbele yake. Na jina lake halikupita midomoni mwake kamwe. Luseno akija kusalimu, alikaribishwa kutoka nyuma ya pazia la chumba cha kulala, kama muumini aliyekwenda kwa padri kuungama.

"Habari ya huko mtokako?" pazia linauliza.

"Nzuri, mama."

"Chakula kiko mezani. Kula, usiache."

Luseno anakula peke yake akitazamana na picha ya baba mkwe, marehemu Zedekiah, aliyefanya kazi ya reli hadi akastaafu, na ambaye hata pichani alikuwa na uso wa mtu anayesubiri treni iliyochelewa.

Majirani walicheka, bila shaka. Warigia, mwenye saluni mlango wa pili, hakuweza kulinyamazia jambo hilo. "Mama Ayuma, kijana mzuri hivyo unamficha uso kama umemwibia kuku?"

"Mambo mengine," Rasoa alimjibu, "hayahitaji kueleweka na watu wa saluni."

Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji. Alishona yunifomu za shule katika kibanda chake mtaa jirani wa Mowlem, na alijua kwamba nguo isipoachiwa kitambaa cha ziada kwenye mshono, mtoto akinenepa inapasuka. Ukwe aliuona vivyo hivyo. Watu wawili wanaompenda mtu mmoja, wakibanwa pamoja bila nafasi, kuna siku patapasuka. Acha nafasi. Hakuwahi kuona sababu ya kubadilisha kipimo hicho.

Kuhusu jina, kulikuwa na njia nyepesi ambayo wengi huitumia: mkwe akipata mtoto, unamwita Baba Fulani, shida imekwisha. Lakini Luseno na mkewe Ayuma, binti wa Rasoa, hawakuwa na mtoto. Walikuwa wamempoteza mmoja tumboni, huko Ujerumani walikohamia. Ayuma alikuwa peke yake hospitalini. Mumewe alikuwa safarini kikazi, na mama yake alikuwa Umoja, amepiga magoti kwenye simiti, akiipigia simu iliyozimwa. Sasa Ayuma alikuwa na mimba nyingine, imekomaa, na madaktari walikuwa wamepanga kumfanyia upasuaji.

"Mama," alisema kwenye simu, "safari hii sitaki kuingia mle ndani peke yangu."

Basi. Mama gani angeendelea kukata vitambaa baada ya kuambiwa hivyo?

Ikatokea kwamba siku zile zile baba yake Luseno alifariki, na Luseno akaja nyumbani kuzika. Ayuma akaona hapo mkono wa Mungu, au angalau mkono wa shirika la ndege. "Mtarudi pamoja, mama. Yeye anajua viwanja vyote vya ndege. Wewe mfuate tu."

"Nimfuate kwa umbali gani?"

"Mama."

"Nauliza tu."

Akina mama wa kanisa walimwombea hadi jirani wa ghorofani akagonga sakafu. Warigia, ambaye aliwahi kupitia uwanja wa Dubai bila kutoka nje ya jengo, na tangu hapo akazungumza kuhusu Uarabuni kama mtu aliyezikiwa kitovu chake huko, alimpa ushauri mmoja: asimwondolee mkwe macho. Lilikuwa wazo zuri, ila halikuzingatia kwamba kuna mambo ya mkwe ambayo macho ya mama mkwe hayaruhusiwi kuyaona.

Kwenye ndege ya kutoka Nairobi walikuwa wamepewa viti vinavyopakana. Rasoa alisimama pale katikati, mkoba kifuani, akakataa kuketi hadi bwana mmoja wa suti alipochoka kumtazama akampisha kiti cha nyuma. Akasafiri usiku kucha akiangalia kisogo cha mkwe. Kisogo hicho alikijua vizuri kuliko uso wa mwenye nacho. Kilikuwa kimechongoka kidogo juu, na kilikuwa na kovu dogo upande wa kushoto ambalo hakuwa amewahi kumuuliza mtu lilitoka wapi.

Wakashuka Doha asubuhi, wabadilishe ndege. Rasoa alikuta jengo ambalo lingeimeza Umoja One, Umoja Two na Innercore, na bado likabaki na njaa. Sakafu iling'aa hadi alitembea akijiona kwa chini, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo. Watu wa kila rangi walikwenda mbio wakivuta mabegi ya magurudumu, nyuso zao kama za watu walioitwa na polisi. Luseno alitangulia. Akipunguza mwendo ili mama amfikie, mama naye alipunguza mwendo. Akisimama, alisimama. Na katika nafasi ile ya heshima iliyobaki kati yao ikaingia familia ya watu wanane, halafu vijana wa timu fulani waliovaa fulana za rangi moja, halafu watawa wawili. Dunia ikiona nafasi wazi haiulizi ni ya nini.

Wakafika penye ukaguzi. Afisa akaonyesha kwa mikono: koti humu, viatu humu, mshipi humu. Luseno, aliyezoea, akavua viatu, kisha akapeleka mikono kiunoni kufungua mshipi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wazee waliotunga desturi hawakuwa wametabiri mashine hii, na mtu akiachwa bila mwongozo hutumia akili yake. Rasoa aligeuka. Aliupa ukaguzi mzima mgongo, akaukabili ukuta. Ukutani palikuwa na tangazo la saa za dhahabu, naye akalisoma pole pole, mstari kwa mstari, kama andiko. Afisa mmoja wa kike, kwa upole mwingi, akadhani mama huyu amekosea foleni. Akamshika kiwiko akampeleka kwenye foleni nyingine, mwisho kabisa, ya wazee na wenye watoto wachanga. Rasoa alimshukuru kwa dhati. Foleni ile ilikuwa mbali zaidi na kiuno cha mkwe.

Alipotokea upande wa pili, kisogo hakikuwepo.

Mtu mwingine angesimama palepale asubiri. Lakini Rasoa alikuwa ameambiwa kazi yake ni kufuata, na anayefuatwa yuko mbele. Hilo halikuhitaji hesabu. Kwa hiyo akaenda mbele, kwa haraka, akimfuata mtu aliyekuwa nyuma yake. Akapita maduka ya manukato, maduka ya chokoleti, na duka la magari, maana hapo kuna watu hununua gari wakisubiri ndege. Akafika kwenye ukumbi mkubwa. Katikati yake alikuwa ameketi dubu wa sanamu, wa manjano, mkubwa kuliko nyumba yake ya Umoja hata na vile vyumba vya kuongezwa, taa ya mezani imemkalia kichwani. Alikuwa amelegea kama mlinzi wa ploti ya nyumba za kupanga aliyekutwa usingizini.

"Pesa zikizidi," Rasoa alijisemea, "mtu hununua hata huyu."

Halafu akajipapasa kifuani. Pasipoti alikuwa nayo, ameishonea mfuko ndani ya blauzi. Lakini kadi yake ya kupandia ndege ya pili ilikuwa ndani ya koti la mkwe. Simu yake haikuwa na mtandao. Juu ya ubao mrefu majina ya miji yalikuwa yakibadilika kabla hajamaliza kuyasoma. Akaanza kuomba, kwa sauti ya chini, kwa Kimaragoli cha kwao Vihiga, ambacho aliamini hufika haraka zaidi.

Kigari cha umeme, vile vya kubebea wazee, kikasimama kando yake. Dereva alikuwa msichana wa hijabu na sare ya kazi. "Mama wa Kenya, uko sawa?"

Rasoa alishtuka kusikia Kiswahili. "Umejuaje natoka Kenya?"

"Hiyo leso yako ya kichwani inapiga kelele tangu kule mbali. Naitwa Kawsar. Mimi ni wa Majengo. Wewe?"

"Umoja."

"One ama Two?"

"One. Nyuma ya soko la Mutindwa."

"Basi huku sisi ni watu wa mtaa mmoja. Unaenda wapi?"

"Frankfurt."

Kawsar akatazama ubao, na mzaha ukamtoka usoni. "Mathe, hiyo wameshaanza kuingiza watu. Panda twende."

"Siwezi. Kadi yangu iko na mwenzangu."

"Mwenzako ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Na ako wapi?"

"Ndio nilikuwa namuuliza huyu dubu."

Kawsar alicheka kidogo, akachukua redio yake. "Wacha niulize wenzangu kama wamemwona. Anaitwa nani?"

Rasoa akamtazama dubu tena. "Ni mrefu," akasema. "Ana koti la kijivu."

"Sijauliza saizi, mama. Nimeuliza jina."

"Kisogo chake kimechongoka hivi."

"Mama, unasafiri na mtu hata jina humjui?"

"Nalijua. Silitaji."

Kawsar akashusha redio. Akamkagua, leso, mkoba, viatu vya kanisani. "Wewe ni Mluhya," akasema, na halikuwa swali. "Kwa ploti yetu kulikuwa na mama wa Kiluhya. Mkwe akija, yeye anajifungia kwa choo. Siku moja huyo jamaa alikuja akakaa, akapiga stori, akaitisha chai ya pili. Ploti nzima ilikuwa imekunja miguu." Kisha akaona kwamba mama hacheki. "Nipe basi namba yake ya simu."

"Namba ya mkwe ningeitumia kufanya nini?"

"Ya binti yako?"

Hiyo aliijua kwa kichwa. Kawsar akaipiga kwa simu yake mwenyewe, akamwekea sikioni. Mwanamke wa Kijerumani akasema maneno machache makavu. Rasoa hakuhitaji mkalimani. Simu iliyozimwa ina lugha moja duniani kote. Mara ile nyingine pia ilikuwa imezimwa. Akarudisha simu.

"Andika jina, basi," Kawsar alisema, akitoa kalamu. "Hutalitaja. Nitalisema mimi."

Rasoa akaishika kalamu. Alifikiria. Angeweza. Lakini hakuwahi kuwa mtu wa kuidanganya desturi kwa pembeni halafu Jumapili akasimama kuiimbia sifa. Mtu huishika au huiacha. "Kuandika ni kusema pole pole tu," akasema, akairudisha.

"Haya. Panda nyuma. Tutaelekea huko huko kwa geti, na wewe uangalie. Ukimwona uniambie."

Kiti cha nyuma cha kigari kilielekea nyuma, kwa hiyo Rasoa akaiona Doha ikiondoka badala ya kuja. Kigari kilikuwa kikilia pip, pip, watu wakipisha bila kuinua macho kwenye simu zao. Alitazama visogo, kimoja kimoja. Kisha, upande wa pili wa ukumbi, kwenye ile sakafu inayotembea yenyewe, akakiona. Kilikuwa kikienda upande wa nyuma, mbali nao.

"Yule pale."

"Wapi?"

"Yule, yule kisogo."

Luseno alikuwa akiuliza watu. Alimsimamisha mzungu mmoja, akaweka kiganja usawa wa kifua chake kuonyesha urefu wa mama mkwe, akakizungusha kichwani kuonyesha kitambaa. Mzungu akatikisa kichwa. Akamgeukia mwingine, kifua, kitambaa. Na sakafu ikawa inazidi kumpeleka.

"Hapa siwezi kugeuka, mama, kuna watu," Kawsar alisema, akipiga honi. Hakuna aliyegeuka. "Muite."

"Wewe," Rasoa akaita.

Watu wakamtazama. Si yeye.

"Kijana."

Vijana wengi wakamtazama.

"Mkwe."

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akainua kichwa. Pengine naye alikuwa mkwe wa mtu. Luseno akazidi kwenda. Sakafu ile haikuwa na haraka yoyote, na hilo ndilo lililomtisha Rasoa. Ndivyo mtu anavyopotea, aliona, taratibu, mbele ya macho yako, wewe ukiwa bado unatafuta neno lenye adabu. Angezunguka hivyo na kiganja chake kifuani hadi ndege iende. Na Ayuma angelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, asukumwe kwenye ule mlango, tena peke yake.

Akasimama juu ya kigari, akashika nguzo ya paa.

"Luseno."

Lilitoka dogo, likadondokea miguuni pake. Akashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Alilitarajia liwe na uzito. Akavuta pumzi, na safari hii akatumia sauti ambayo Umoja hutumika mchana mifereji inapoanza kukohoa na mtu akaujulisha mtaa kwamba maji yamerudi.

"Luseno. Luseno wee."

Kisogo kikageuka kikawa uso.

Alikuja mbio, kinyume cha ile sakafu inayotembea, akiomba radhi kwa lugha tatu. Alipowafikia, Rasoa akaona sababu ya kutomkuta pale kwenye ukaguzi. Hakuwa amengoja kuvaa. Alikuwa na soksi tu miguuni, koti begani, viatu vimebanwa kwapani, mkono mmoja umeshika suruali isianguke, mshipi umening'inia shingoni kama kile chombo cha madaktari. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka na kidole gumba kimetokeza nje, kikitazama dunia. Kila kitu ambacho Rasoa aligeukia ukuta asikione kilikuwa sasa kimesimama mbele yake, kikihema.

Hakugeuka.

"Nilirudi kwenye foleni, mama," Luseno alisema. "Nikarudi tena. Nimeuliza kila mtu. Nilidhani..." Na mtu mzima yule, mhandisi wa watu, akaanza kulia huku ameshika suruali. "Juzi nimemwacha baba kwenye udongo. Ningekupoteza na wewe, ningemwambia nini Ayuma?"

Rasoa alikuwepo kwenye maziko yale. Alikaa na wanawake, upande wa mbali, kama inavyopasa, na siku nzima alimwona mkwe kwa nyuma tu, amesimama kwenye ukingo wa kaburi. Usiku akampigia Ayuma simu amfikishie pole. Pole ilitoka kwenye uwanja wa matanga, ikaenda Ujerumani, ikarudi kwenye uwanja ule ule, kwa mtu aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amejisifu moyoni kwa jinsi alivyolitimiza jambo vizuri.

"Pole kwa baba," akamwambia sasa. "Nilikuwa sijakuambia."

Luseno akajifuta macho kwa mkono uliobaki.

"Haya, vaa viatu."

Palikuwa na nafasi moja kwenye kigari, kando yake. Luseno akaketi, akainama kufunga kamba, Kawsar akakata kona, na kijana angepinduka kama Rasoa hangemshika bega. Lilikuwa bega la kawaida, lenye joto, lenye mifupa. Aliendelea kulishika hadi kamba ya pili ikaisha.

"Mkimaliza kusalimiana," Kawsar alisema bila kugeuka, "mjishikilie. Hapa naenda mbio na sitaki kuulizwa na mkubwa wangu."

Walikuwa karibu wa mwisho getini. Simu ya Luseno ilikuwa imeshika mtandao, na ujumbe ukaingia wakiwa wanahema mbele ya mlango: Ayuma alikuwa amezima simu kwa sababu alikuwa kwenye vipimo, kila kitu kiko sawa, wako wapi, na je, mama anasumbua njiani? Luseno akamsogezea mama skrini asome mwenyewe.

"Mwambie sijasumbua," Rasoa alisema.

Akamgeukia Kawsar, akamshika mikono yote miwili. Aliuliza kama mama yake bado yuko Majengo. Yuko. "Nikirudi nitaenda kumwona," Rasoa alisema, na kwa watu wa kwao hiyo si shukrani ya mdomo, ni miadi.

Ndani ya ndege viti vilikuwa tena kimoja kando ya kingine. Rasoa alisimama, akatazama huku na huku kama kuna bwana yeyote wa suti. Kisha akaketi.

Alifikiri sana baada ya ndege kupaa. Mbingu haikuanguka, chini yao ilikuwa imetandazwa vizuri tu, mawingu meupe kama pamba ya mto. Ulimi wake ulikuwa mahali pake. Lakini hangejidanganya kwamba hakuna kilichoondoka. Pazia lile la Umoja lilikuwa limewatunza. Hawakuwahi kugombana, yeye na kijana huyu, wala kusemana, wala kujuana vya kutosha ili mmoja amchoshe mwenzake. Wangapi Umoja wangeweza kusema hivyo kuhusu wakwe zao? Sasa watakaa nyumba moja, wiki nyingi, nchi ya baridi, na hajui kama kule kuna pazia, wala kama ataliulizia. Warigia akisimuliwa atapiga makofi, adhani ameshinda mabishano. Hatasimuliwa.

Chakula kikaja. Luseno alipokea sinia lake, akamwangalia mama mkwe kwa pembe ya jicho. Kisha akajigeuza mwili mzima kitini, akampa mgongo, akaweka sinia magotini akielekea njiani ambako wahudumu walikuwa wakipita. Akaanza kula akiwa amejipinda hivyo, kiwiko kikigongwa na kila mtu aliyekwenda msalani, ili mama asimwone akitafuna.

Rasoa alikitazama kile kisogo.

"Luseno," akasema, kwa sauti ya kawaida, "geuka, utavunjika shingo."

Akageuka, mdomo umejaa mkate.